Siku Tatu katika Nyumba ya Magurudumu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo napenda kuwasimulia safari fupi niliyoifanya huko Wales, nilipokwenda kumzuru binti wa dada yangu. Nimemwomba idhini kabla ya kuandika, naye amenipa kwa sharti kwamba nisimpambe mtu.

Mpwa wangu anaishi Cardiff na mumewe na watoto wao wawili. Mume ni dereva wa teksi za usiku. Arudipo alfajiri, mke anajitayarisha kwenda kazini. Mke arudipo jioni, mume anatafuta funguo za gari. Wameishi hivyo miaka sita chini ya dari moja, mfano wa wapangaji wanaopokezana zamu. Siku ya tatu tangu niwasili aliniandalia chai, akaketi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mjomba, nataka kurudi Mombasa na watoto. Mwenyewe bado sijamwambia."

Nami, kama ilivyo ada yetu sisi masheikh, nikaanza kuitayarisha hotuba. Sura ya Nisaa imetaja mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Nikajiona mimi tayari ni wa upande wa mke, imebaki kumtafuta mwenzangu. Kabla sijampata, mume akasema kwamba Ijumaa hiyo ameomba ruhusa kazini, na kwamba sote tutakwenda pwani na karavani.

Neno hilo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara, kama ile misafara ya Maquraishi ya majira ya baridi na ya joto iliyotajwa katika Qur'ani. Waingereza wamelifanya jina la nyumba ndogo inayovutwa na gari. Mwaka 1885 tabibu mmoja wa Kiskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa gari la kukokotwa na farasi, lenye kitanda na jiko, kwa ajili ya matembezi tu, na wengi wakamfuata. Hii ya mkwe wetu ilikuwa kuukuu, ameinunua kwa jirani. Tuliondoka baada ya sala ya Ijumaa, kwani si vyema mtu kuikimbia Jumua kwa ajili ya starehe, tukaelekea Pembrokeshire polepole, maana avutaye karavani huko haruhusiwi kupita maili 60 kwa saa hata katika barabara kuu.

Nilidhani tunakwenda mahali pa makelele. Kumbe ni kiwanja kidogo pembeni mwa shamba la kondoo, kimezungukwa na ua wa miti, na karavani zilizokuwapo ni tano tu. Baadaye nilielezwa kwamba kwa sheria yao ya mwaka 1960 mwenye kiwanja cha karavani hutakiwa awe na leseni, lakini vyama vya wapenda karavani vilivyokubaliwa na serikali huweza kuidhinisha viwanja vidogo kama hiki, maadamu karavani hazizidi 5. Hapana muziki, hapana baa, hapana mabembea ya umeme. Kuna bomba moja la maji, na kijia cha kushukia baharini. Kwa mwanamke wa Kiislamu utulivu huo si jambo dogo. Mpwa wangu na bintiye walishuka ufukweni asubuhi mapema, wakati hapana mtu, wakarudi meno yakigongana kwa baridi ya maji yale, na nyuso zao zimenawiri.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya maji, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Maji hayaingii karavani kwa mfereji. Hutiwa katika pipa la plastiki la lita 40, nalo hubiringishwa kwa mkono kutoka bombani. Watu watano tukiwa twapika, twaosha na twatawadha, pipa lilikwisha kabla ya adhuhuri, na aliyelimaliza ndiye aliyekwenda kulijaza. Watoto ambao nyumbani huacha mfereji ukimwagika walianza kuhesabu vikombe. Nikawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita moja. Mvulana akajaribu kwa kikombe cha chai, akafaulu mara ya pili.

Kwa sala hatukupata taabu. Kutoka Cardiff ni kilomita mia na zaidi, na tulikusudia kurudi Jumatatu, basi tulipunguza. Magharibi ilikuwa ikiingia karibu saa tatu na nusu usiku, tukaikusanya na Isha ili watoto wapate kulala. Kibla kwetu Mombasa ni kaskazini. Kule ni kusini-mashariki, na nakiri kwamba mara ya kwanza mguu wangu ulitaka kwenda upande mwingine.

Mimi nililazwa katika hema lililofungwa mlangoni mwa karavani. Kuta za nyumba hizo ni nyembamba. Usiku wa kwanza nilimsikia mpwa wangu akilia, na nikamsikia mumewe akimwuliza kuna nini, na akamjibu hakuna. Hotuba yangu nilikuwa nimeihifadhi yote. Nikashukuru kwamba ulikuwa usiku.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, jambo lilitokea lililokuwa dogo mno. Jiko la karavani halina nafasi ya watu wawili. Mume alitaka chai, mke yumo akimenya viazi, wakagongana mara mbili. Mume akasema, "Basi toka wewe, keti nje na mjomba. Nitapika mimi." Akapika wali ukaungua chini na ukawa mbichi juu. Tukaula. Mpwa wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na bintiye akamkodolea macho, kana kwamba sauti hiyo haijui.

Usiku ule walikaa nje wawili, juu ya viti vya kukunja, mpaka mbingu ilipoingia giza. Walisema mengi. Mengine yalikuwa makali. Nilijifunika blanketi kichwani, nalo lilikuwa zito, alhamdulillahi. Hotuba sikuitoa mpaka nikaondoka nchini.

Sisemi kwamba yamekwisha. Alipopiga simu mwezi uliopita alinambia mumewe ameacha zamu mbili za usiku kwa wiki, na kwamba fedha zimepungua na wanabanana. Bado yuko Cardiff.

Niliporudi nimeyafikiria mandari yetu. Siku ya Idi twapakia sufuria za pilau, makaa, mikeka na watoto, twaelekea Tiwi au Kikambala. Wanaume twaogelea, twarudi, twala, twalala chini ya mvinje. Wanawake wetu wameamka kabla ya alfajiri kukaanga vitunguu, na usiku watasugua masizi. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na safarini alishindana naye mbio, safari moja bibi akashinda, na nyingine akashindwa. Hadithi hizi nimezisomesha zaidi ya miaka ishirini.

Basi nikamwambia mke wangu kwamba Idi ijayo, inshaAllah, twende Tiwi, na mpishi nitakuwa mimi. Akaniangalia kitambo, kisha akaniuliza kama najua chumvi inakaa wapi.

Sikujua.