Riwaya ya Mgodi na Dai la Ushuhuda: Kutoka Røros hadi Kwale

Imekuwa ada miongoni mwa baadhi ya wahakiki kuihesabu riwaya ya mgodi kuwa ushuhuda: aiandike aliyechimba, tena jasho lingali mwilini. Kwa kipimo hicho Kwale imekwisha pitwa na wakati. Machimbo ya titani ya Msambweni, yaliyoanza uzalishaji mwaka 2013 baada ya wakazi wa Nguluku na Maumba kuhamishwa, yalifungwa Desemba 2024.

Mfano unaoelekea kuiunga mkono rai hii ni Johan Falkberget (1879–1967), Mnorwei wa Røros, aliyeingia kazini katika migodi ya shaba angali mtoto na kuiacha mwaka 1906. Lakini shahidi huyu anawageuka waliomwita. Riwaya yake Christianus Sextus inahusu miaka ya 1720. Nattens brød, iliyotoka kwa majuzuu manne kati ya 1940 na 1959, inarejea karne ya 17, na mhimili wake si mchimbaji bali An-Magritt, mwanamke msafirishaji wa mizigo ya mgodi. Jasho la mwandishi halikuwa mada. Lilikuwa ufunguo wa kulielewa jasho la waliotangulia.

Afrika Mashariki nayo inaikanusha rai hiyo. Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi inausawiri mgomo wa Unguja wa 1948, ilhali mwandishi wake alizaliwa 1940. Je, riwaya hiyo ni ya uongo kwa kuwa mtunzi alikuwa mtoto? La hasha.

Huenda ikajibiwa kwamba kuchelewa ni kusahau. Hatari hiyo ipo: wazee waliojua mipaka ya mashamba kwa minazi na mikorosho wanaondoka, na majina ya Kidigo ya mahali palipochimbwa yanaondoka nao. Hata hivyo, dawa yake ni kukusanya masimulizi sasa, si kumharakisha mtunzi.

Aidha, mtunzi wa Kwale ana jambo ambalo Falkberget alilikosa. Migodi ya Røros, iliyoanzishwa 1644, ilifilisika 1977, miaka kumi baada ya kifo chake, hakuuona mwisho. Kwale, kuhamishwa na kufungwa kumo ndani ya kumbukumbu ya mtu mmoja aliye hai. Msuko umekamilika. Mhakiki anayetangaza kwamba muda umekwisha anaufunga mlango siku ileile unapofunguka.