"Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii": Somo la Ufahamu Tunaloliacha

Mwalimu mwanafunzi aendapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za hapa Igogo, atakuta jambo ambalo vitabu vya mbinu havijalitilia maanani. Katika nyumba nyingi zilizojengwa juu ya majabali ya mtaa huu, msomaji wa ujumbe wa simu si baba wala mama, bali ni mtoto wa darasa la nne. Bibi anayeuza dagaa humpa mjukuu simu na kumwambia, "Hebu nisomee, wanasemaje?" Mtoto husoma kwa sauti, tena vizuri, maana tumemfundisha kusoma. Ikiwa ujumbe umetoka kwa mwizi, basi ni sauti ya mjukuu inayomfikishia bibi maneno ya mwizi.

Kwa hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaodhani kwamba mafunzo ya kujikinga na utapeli wa simu na barua pepe ni ya chumba cha kompyuta peke yake, na kwamba shule isiyo na kompyuta imesamehewa. Kwa maoni yetu, mahali pake pa kwanza ni kipindi cha Kiswahili, katika kusoma kwa ufahamu.

Tuchukue ujumbe ambao ni nadra kumpata Mtanzania mwenye simu asiyeufahamu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ni maneno sita tu, na nguvu yake yote imo katika neno la kwanza. Kionyeshi "ile" hapa hutaja kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wawili wanakijua. Mwizi hajui hela yoyote. Ametuma maneno hayo hayo kwa watu wengi asiowafahamu. Lakini miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyo ameahidi kumtumia mtu fedha: ada, kodi, au malipo ya dagaa waliotoka Mwaloni Kirumba. Huyo hulijaza pengo yeye mwenyewe. Hudhani ameambiwa, kumbe amejiambia.

Ndivyo alivyopotea mwanachuo wetu mmoja, ambaye alituma kodi ya chumba ya miezi mitatu akidhani anajibu ujumbe wa mwenye nyumba. Kilichotusikitisha zaidi ni kwamba alinyamaza majuma mawili kwa aibu, na katika majuma hayo mwenzake wa chumba cha pili alipata ujumbe ule ule naye akatuma. Laiti tusingekuwa na desturi ya kuwacheka waliotapeliwa, huyu wa pili angalisalimika. Mwalimu atakayelifundisha somo hili huku darasa likimcheka mtoto anayesimulia yaliyompata mama yake, afadhali asilifundishe.

Baadhi ya wakufunzi hupenda orodha ya makatazo: usijibu, usifungue, usitume. Makatazo hukaririwa upesi na kuzeeka upesi, kwa kuwa mwizi hubadili maneno kila msimu. Leo amekosea kutuma fedha na anaomba umrudishie, kesho anakukaribisha Freemason utajirike, keshokutwa amekupatia ajira ila kwanza ulipie fomu. Yatupasa kumpa mtoto maswali badala ya makatazo. Andika ujumbe ubaoni, kisha uliza: Ni nani anayesema, na tumejuaje? "Ile" ni ipi? Mbona ana haraka? Kwa nini hataki tumwulize mtu mwingine? Halafu watoto wawili waigize, mmoja akiwa bibi na mwingine mjukuu, na mjukuu ajizoeze kusema, "Bibi, tumpigie kwanza kwa namba yake tuliyoizoea." Kipindi kimoja chatosha, na chaki.

Maswali hayo hayo huifaa barua pepe ya mgeni mwenye urithi wa mamilioni anayeomba ada ndogo tu ya wakili. Utapeli huu hata si mtoto wa kompyuta. Kabla ya barua pepe ulikuwa ukitumwa kwa posta na kwa faksi.

Kuhusu virusi, hapana budi mwanachuo ajue kwamba mara nyingi huletwa na mtu anayeaminika. Tarehe 4 Mei 2000 ilianza kusambaa barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU". Aliyekifungua kiambatisho chake alikuta virusi vimejituma kwa watu wote waliokuwamo katika orodha yake ya anwani, nao wakaipokea kama barua ya rafiki. Kwetu sisi rafiki huyo ni flashi. Mwanachuo hupeleka andalio la somo kuchapishwa stesheneri, na arudipo hukuta majalada yake yote yamegeuka njia za mkato. Kazi yake kwa kawaida haijafutika. Imefichwa, na kila anapobofya njia ya mkato huviamsha virusi upya. Asibofye. Aikague flashi kwa programu ya kukinga virusi iliyosasishwa, na nakala ya pili ya kazi aiweke mahali pengine kabla hajatoka nyumbani. (Tumekwisha kuchoka kupokea visingizio vya flashi siku ya kukusanya kazi.)

Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na ujumbe wa kitapeli waweza kupelekwa kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Haya wazazi waelezwe katika mkutano wa shule, pamoja na jambo moja linaloigusa kazi yetu yenyewe. Wako wezi wanaompigia mzazi mwenye mtoto wa bweni wakijiita walimu, wakidai kwamba mtoto ameanguka ghafla na fedha za matibabu zinatakiwa sasa hivi. Hapo hakuna maandishi ya kuchambua ubaoni, na mzazi aliyeingiwa na hofu hasubiri. Basi kila shule iwaeleze wazazi mapema ni nani atakayewapigia mtoto akiugua, na kwa namba ipi, na namba hiyo iandikwe ndani ya jalada la daftari la mtoto kabla muhula haujaanza.