Nyonga mpya, nyumba ileile

Na Zuhura Mkumbukwa

Mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake. Ndugu waliokuja kumjulia hali hushtuka, wengine hugombana na wauguzi: "Mtu kapasuliwa jana, leo mnamtembeza!" Wauguzi wanajua wanachokifanya. Mguu ukilazwa muda mrefu damu huweza kuganda mishipani, na bonge hilo likifika mapafuni linaweza kuua. Misuli nayo hunywea upesi, na kwa mzee wa miaka 70 hairudi kirahisi.

Ugomvi wangu wiki hii ni na sisi tunaompokea nyumbani.

Wodini mama alikuwa akitembea na fremu hadi mlangoni na kurudi. Akifika kwetu tunamtandikia godoro sakafuni, tunamzungushia mito, mabinti wanapeana zamu za kumlisha, na kila akitaka kuinuka anaambiwa, "Pumzika mama, utajiumiza." Ni mapenzi, sina shaka. Lakini jirani yangu mmoja, mwanamke aliyekuwa akichoma vitumbua kila alfajiri, alilazwa hivyohivyo kwa mapenzi mpaka akashindwa kusimama, na kwenye picha ya eksirei nyonga yake haikuwa na kasoro yoyote.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Wengi waliopasuliwa kwa kupitia nyuma ya nyonga hukatazwa, kwa wiki 6 hadi 12 za mwanzo, kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kukunja nne na kugeuzia mguu ndani, kwa sababu kichwa bandia kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Sasa tazama tunavyoishi: choo cha kuchuchumaa, mkeka wa kulia chakula, kigoda cha jikoni, mbuzi ya kukunia nazi ambayo ukiikalia magoti yanakaribia kifua. Vyote vinavunja masharti ya daktari. Bodaboda ndiyo isitajwe kabisa.

Dawa yake si ghali. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Kitanda kinainuliwa kwa matofali. Nazi akune mjukuu. Sala iswaliwe kitini, kwani dini imemruhusu mgonjwa. Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili, si upande uliopasuliwa kama wengi wanavyofanya, ili mkono upokee sehemu ya uzito kila mguu ule unapokanyaga. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, uliopasuliwa utangulie kushuka.

Wala haya si mambo ya wazee peke yao. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu, na ugonjwa huo huweza kuziba mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hadi mfupa ukafa. Ndiyo maana utakuta kijana wa miaka 25 naye anahitaji nyonga bandia. Huyo swali lake la kwanza ni mpira. Atakutajia Andy Murray, mcheza tenisi aliyevishwa kofia ya chuma kwenye kichwa cha mfupa wa paja huko London Januari 2019, na Oktoba akatwaa taji la Antwerp. Ni kweli, ila ule ni upasuaji wa namna nyingine, kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa mazoezi na alikuwa na wataalamu wa kumsimamia. Kijana wetu madaktari wengi watamwelekeza kwenye kutembea, baiskeli, na kuogelea kidonda kikishapona, kwa kuwa kukimbia na kuruka kunaweza kukichakaza kifaa mapema.

Nyonga bandia zinawekwa hapahapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ikiwa miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Kinachobaki ni kuzihesabu wiki za mazoezi kuwa sehemu ya upasuaji. Bima inayolipia kifaa cha mamilioni ya shilingi ilipie na mtaalamu wa fiziotherapia mpaka mgonjwa atembee bila msaada. Hospitali nazo ziulize mapema: choo chenu kikoje, kitanda kina kimo gani, nani atakuwepo mchana? Maswali hayo yaulizwe siku ya kupanga tarehe ya upasuaji, si siku ya kuruhusiwa, wakati gari linasubiri nje na binti mkubwa yuko kwenye foleni ya dirisha la malipo.