Hadhira Inapomfuata Fanani

Mcheza kwao hutunzwa, hunena Waswahili, na methali hiyo huchukulia kwamba hadhira ipo pale pale nyumbani, ikimsubiri fanani. Tuseme nini basi pale hadhira inapokata tiketi ya ndege na kuvuka mipaka ili kumfuata fanani huyo, tena kwa ajili ya nyimbo inazozijua kwa moyo?

Bendi ninayoilenga ni Green Day ya California, miongoni mwa zile zilizoeneza muziki wa pop-panki: magitaa ya kasi, ngoma zisizopumua, na mahadhi mepesi ambayo mtu huyakariri baada ya kuyasikia mara mbili. Albamu yao Dookie ilitoka mwaka 1994, na American Idiot mwaka 2004. Katika ziara yao ya 2024 walizipiga albamu hizo mbili nzima nzima, wimbo baada ya wimbo, kwa mpangilio ule ule wa rekodi. Januari 2025 wakafika Johannesburg, katika uwanja wa FNB ulioandaa fainali ya Kombe la Dunia la 2010. Kutoka Nairobi ni mwendo wa saa nne hivi angani.

Wapo wanaozibeza safari za aina hii. Hudai kwamba mtu mzima anayelipia nauli, malazi na kiingilio ili asikie alichokwisha kukisikia mara elfu katika simu yake anaununua tu ujana wake, tena kwa bei ghali. Hoja hiyo ina uzito, kwani waandaaji wanaijua vyema bei ya kumbukumbu. Tamasha la When We Were Young, ambalo hata jina lake laomboleza ujana uliopita, lilipoanza Las Vegas mwaka 2022, siku yake ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya upepo mkali, ilhali watu walikuwa wamekwisha kuwasili kutoka mbali. (Yamkini jangwa nalo lilikuwa na maoni yake.)

Hata hivyo, wakosoaji hawa huichukulia rekodi kuwa ndiyo kazi yenyewe, na uwasilishaji kuwa nakala yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kulikubali hilo upesi hivyo. Tazama kilichotukia Johannesburg. Wimbo "American Idiot" uliielekea Marekani ya enzi za vita vya Iraq. Kwa miaka kadhaa mwimbaji Billie Joe Armstrong amekuwa akikibadilisha kirai kimoja ndani yake ili kuwalenga wafuasi wa Donald Trump. Mbele ya hadhira ya Afrika Kusini alikibadilisha tena, akalitia jina la Elon, yaani Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, mji jirani. Neno moja tu! Huko Marekani lingekuwa siasa. Pale lilikuwa habari ya mtoto wa jirani. Waliosafiri wakiutafuta mwaka 2004 waliukuta mwaka 2025 ukiwasubiri uwanjani.

Isitoshe, bendi hii ina desturi ya kumpandisha jukwaani mtu mmoja kutoka katika umati ili aimbe au apige gitaa pamoja nao. Hapo nani fanani, nani hadhira?

Ruth Finnegan aliusisitiza umuhimu wa uwasilishaji katika Oral Literature in Africa (1970). Sisi huikariri hoja hiyo mtihani ukikaribia, kisha tukarejea kuchambua ngano na nyimbo zilizokaushwa vitabuni mithili ya dagaa. Wapo wenzetu wanaohitimu bila kuketi hata mara moja mbele ya manju, wala kumwona mtambaji akikigeuza kisa kwa sababu mzee fulani amekohoa. Mtu aliyesimama katika umati wa Johannesburg akaimba hadi sauti ikamkauka ameujua utendaji kwa namna ambayo wengi wetu, pamoja na shahada zetu, hatujaujua.

Sisemi idara itulipie nauli ya ndege. Mamanju na watambaji wetu hawako mbali kiasi hicho. Napendekeza chama hiki kiandae safari moja kila muhula, wanachama wakamsikilize mtambaji mmoja akikitamba kisa kimoja mara mbili, mbele ya hadhira mbili tofauti, nao wanukuu kila kilichobadilika. Gharama yake ni basi na chakula cha mchana.