Programu za zamani zinahitaji mafundi. Je, vyuo vikuu vinawaandaa?

Aprili 2020, corona ikiwa imepamba moto, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, alitoa ombi lililowashangaza wengi. Mbali na wahudumu wa afya, alisema, jimbo linahitaji watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959.

Sababu ni kwamba maelfu ya watu waliopoteza kazi walikuwa wakiomba malipo kwa wakati mmoja, na mfumo wa kuyashughulikia ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Waliojua kuugusa bila kuuvunja walikuwa wachache.

Miaka miwili kabla, benki ya TSB ya Uingereza ilikiona cha moto. Ilihamisha taarifa za wateja kwenda mfumo mpya. Taarifa zenyewe zilifika salama, lakini mfumo ukaanza kusumbua papo hapo. Wateja hadi milioni 1.9 walishindwa kuingia kwenye akaunti zao. Desemba 2022, wadhibiti waliipiga benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Matukio haya yanaibua swali moja: nani anawafundisha vijana kukarabati programu ambayo watu bado wanaitumia?

Darasani ni tofauti na kazini

Mara nyingi mwanafunzi wa kompyuta hupewa kazi ndogo, huianza kwenye ukurasa mtupu, huandika mistari mia kadhaa, hupata alama na kuisahau. Akiajiriwa, anakabidhiwa programu yenye mamia ya maelfu ya mistari, iliyoandikwa na watu walioshaondoka. Kuisoma yote haiwezekani.

Hapo ndipo zana za uchambuzi wa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, zinapoingia. Zinausoma msimbo bila hata kuiwasha programu, kisha zinaonyesha sehemu ipi ni kubwa kupita kiasi, ipi imenakiliwa mara nyingi, na ipi ikiguswa itatikisa nyingine.

Mfano mmoja ni Moose, zana iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, katika miaka ya 1990, ndani ya mradi wa Ulaya uliohusu programu kubwa zilizoanza kuwa mzigo. Mwaka 2002, Serge Demeyer, Stéphane Ducasse na Oscar Nierstrasz walichapisha kitabu cha mbinu za ukarabati kilichotokana na uzoefu huo. Leo kinapatikana bure mtandaoni.

Nyingine ni CodeCity, iliyotoka Chuo Kikuu cha Lugano. Hii inaichora programu kama mji wenye mitaa na majengo. Ghorofa refu lililosimama peke yake linamwambia mwanafunzi: anza kuchunguza hapa.

Zana haina busara

Lakini kuna mtego. Zana inaweza kutoa maonyo elfu tatu kwa dakika chache. Mwanafunzi akipewa alama kwa kupunguza idadi ya maonyo, atafuta yaliyo rahisi na kuyaacha ya hatari.

Zana pia haijui historia. Faili kubwa na baya ambalo halijaguswa kwa miaka kumi huenda halina haja ya kuguswa. Faili dogo linalobadilishwa kila wiki ndilo linaloweza kuleta balaa. Na mstari unaoonekana wa ajabu huenda uliwekwa kwa sababu ya sheria fulani ya kodi. Ukiufuta, hesabu za watu zinaharibika.

Ndiyo maana somo zuri la ukarabati halipaswi kuishia kwenye ripoti ya zana. Mwanafunzi aandike kwanza majaribio yanayothibitisha programu inafanya nini leo, abadilishe sehemu moja, ayarudie majaribio, kisha amweleze mhadhiri kwa nini alichagua sehemu ile na kuziacha nyingine. Maelezo hayo ndiyo yanayostahili alama nyingi.

Afrika Mashariki haihitaji kusubiri

Gharama si kisingizio kikubwa. Moose ni ya bure, na programu za kufanyia mazoezi zipo wazi kwa yeyote. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unatumika kukusanya takwimu za afya Kenya, Tanzania na Uganda. Mwanafunzi wa Dodoma au Nairobi anaweza kuupakua msimbo wa mifumo hiyo kwenye laptop yake na kuuchunguza muhula mzima.

Haja yenyewe inaongezeka. Akili mnemba sasa inaandika msimbo kwa sekunde, na mwingine unaingizwa kazini kabla mtu hajauelewa vizuri. Programu ya mwaka huu inaweza kuwa fumbo kwa atakayeikuta miaka mitano ijayo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye programu, ufa hauonekani kwa macho, na mwenye nyumba hugundua siku wateja wanapokosa pesa zao. Kufundisha vijana kuutafuta mapema ni nafuu kuliko faini ya TSB.