Mbuzi wa Dakika ya Pili

MANENO YA BARAZANI
Na Rukia Makame Haji

Jumapili ya wiki mbili zilizopita mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alinitumia muziki kwenye simu. Dakika tatu na nusu, okestra nzima: fidla, selo, matarumbeta, ngoma kubwa, na kwaya ya watu wasiokuwepo duniani wakiimba "aaa". Ameutunga peke yake chumbani, kwa kompyuta ya mtumba, kwa ajili ya gemu anayoitengeneza rafiki yake. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikiliza mpaka mchuzi ulipotaka kufurika, nikamwandikia: "Mashallah, kazi nzuri sana mwanangu, Mungu akuzidishie." Nikatia na moyo mwekundu.

Jioni akapiga simu.

"Shikamoo Shangazi. Umeusikiliza wote?"

"Marahaba. Wote, kwa nini nisiusikilize?"

"Na yule mbuzi?"

Mbuzi gani tena? Kumbe dakika ya pili na sekunde ya kumi, vita vikiwa vimepamba moto, kijana alikuwa amemtia mbuzi analia. Mbuzi wa jirani, amemrekodi kutoka dirishani. Muziki aliutuma kwa watu kumi na wanne, ndugu na marafiki wa skuli. Wote kumi na wanne tulijibu, wote tulisifu, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mbuzi.

Si kwamba sifa zangu zilikuwa za uongo. Zile sekunde arubaini nilizozisikia zilinipendeza kweli. Lakini yeye hakutaka kujua kama nampenda, hilo analijua tangu nimemfunga nepi. Alitaka kujua muziki wake unafanya nini masikioni mwa mtu mwingine, na sisi kumi na wanne tulimwacha na swali lake mkononi.

Watu watasema hiyo ndiyo adabu yetu. Kwenye taarabu mtu akipendezwa huinuka, akaenda kwa madaha kumtunza mwimbaji, noti juu. Ada nzuri, sitaki iondoke. Ila noti haisemi ni ubeti gani uliomwinua mtu kitini. Tena mara nyingi kilichomwinua si muziki, ni mbaya wake aliyekaa meza ya pili.

Hata hivyo, tusijisingizie kwamba Waswahili hatujui kukosoa. Mpelekee mshairi tarbia ya mizani kumi na sita, na mshororo mmoja uwe na kumi na tano, uone. Atakuwekea kidole pale pale: ubeti wa tatu, utao wa mshororo wa pili, silabi imekukimbia. Kurasa za mashairi magazetini zimeona watu wazima wakitoana jasho kwa ajili ya kina kimoja. Hapo tuna maneno ya kazi: vina, mizani, ukwapi, utao, kibwagizo. Okestra ya kompyuta imetukuta hatuna maneno yake, na mtu asiye na neno husema "nzuri".

Au husema "mbaya", ambayo nayo haina mahali pa kushika. Nikiwa mtoto chuoni, tukijiandaa na maulidi, mwalimu aliyetufundisha kasida alinisogelea akaniambia siku yenyewe nifungue mdomo tu nisitoe sauti. Nilifungua mdomo. Sikuambiwa kama nilikuwa juu au chini, kama nilitangulia au nilichelewa. Leo nina wajukuu na bado sijui.

Kwa aibu ya mbuzi, wiki iliyofuata nilimchukua mpwa wangu nikampeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyepiga fidla kwenye taarabu zaidi ya miaka thelathini. Mji huu una vikundi vya muziki tangu kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, na wapiga fidla, ganuni na nai hatujawahi kuwakosa. Nikaona hakuna haja ya kumtafuta mtaalamu wa mbali. Mzee hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Alivaa hedifoni kama mtu anayevishwa kilemba, akafumba macho, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno. Akaomba arudishiwe. Akasikiliza tena.

Kisha akauliza, "Huyu mpiga filimbi, anavuta pumzi wapi?"

Kijana akanyamaza. Filimbi yake ilianza sekunde ya hamsini, na hadi dakika moja na nusu ilikuwa bado inapanda na kushuka bila kituo. Kompyuta haina mapafu. Ukiiwekea nota arubaini mfululizo itazipiga zote, haitoki jasho, wala haitakwambia kwamba mtu wa kweli angeshaanguka. Na sikio la msikilizaji, hata asiyejua chochote cha muziki, huanza kubanwa kifua pasipo kujua sababu. Ataishia kusema muziki "una kitu", au umejaa mno, au unafanana na mlio wa simu.

"Na fidla yako hapa," mzee akaendelea, akirudisha nyuma kwa kidole, "imeshuka chini ya uzi mnene. Fidla gani hiyo? Hiyo kazi mpe selo."

Na mbuzi je? "Mbuzi nimemsikia," akasema. "Ndiye peke yake humu anayevuta pumzi."

Tulicheka, lakini nimeyarudia maneno yale kichwani kila siku tangu hapo. Vijana wanaotunga hivi leo wana vifaa ambavyo hata mabwana wakubwa hawakuwa navyo. Programu ya kuandikia nota kama MuseScore inapatikana bure, na zipo maktaba za sauti za okestra, kila nota imepigwa na mpigaji wa kweli ikarekodiwa. Kilichokosekana ni mtu aliyekaa ndani ya okestra, aliyewahi kushika upinde mpaka mkono ukafa ganzi. Mtu huyo hapa kwetu yupo, amekaa barazani anacheza bao, na hakuna anayemwuliza.

Nguvu ya nota nayo ni hadithi ya aina hiyo hiyo. Katika utaratibu wa MIDI, unaotumika tangu mwaka 1983 kuunganisha vinanda na kompyuta, nguvu ya kila nota huandikwa kwa namba, na ya juu kabisa ni 127. Mpwa wangu alipotufungulia kompyuta yake tukaona: fidla 100, selo 100, tarumbeta 100, mwanzo hadi mwisho. Mzee hakuelewa zile namba, lakini alikuwa ameshasema kabla hazijafunguliwa kwamba "watu wako wote wanazungumza kwa sauti moja, kama wanaosoma tangazo". Vile vile alilalamika kwamba besi zinagombana. Kijana hutunga kwa kinanda, na mkono wa kushoto umezoea kukandamiza nota tatu zilizobanana. Juu zinapendeza. Chini kabisa huwa tope, kwa sababu kila sauti nzito hubeba sauti nyingine nyembamba juu yake, na nzito zikikaa karibu karibu, hizo nyembamba husigana mpaka sikio linapata ngurumo badala ya nota. Dawa yake ni nyepesi: mwachie besi nota moja, nyingine zipande ghorofani.

Lakini swali lililomtoa kijana jasho halikuwa la ala.

"Muziki huu unapigwa wakati gani?"

"Mtu anapigana na zimwi, Babu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka alishinde. Labda dakika kumi, kama hajazoea."

"Na muziki ni dakika tatu na nusu."

"Unarudi mwanzo, Babu."

"Ahaa. Sasa mbona umeumaliza? Umepiga matoazi, umepiga ngoma, umeaga wageni, zimwi liko hai!"

Hapo nilielewa kwamba hata kama jikoni ningesikiliza mpaka mwisho na kuandika kurasa mbili, ningekosea. Mimi niliupima kama wimbo wa kukaa na kusikiliza. Muziki wa gemu hauna mwisho wa namna hiyo, una mshono: mahali ambapo tamati hushikana na mwanzo, na mshono ukiwa mbaya mchezaji atausikia mara ishirini kwa usiku mmoja. Kilele kizuri kikirudi kila baada ya dakika tatu hugeuka kero. Kwa hiyo neno la kwanza la mkosoaji linapaswa kuwa swali: hii ni ya nini? Bila hilo unamsahihishia fundi viatu kana kwamba ameshona kofia.

Koji Kondo alipotunga muziki wa gemu ya Super Mario Bros. mwaka 1985, mashine ya Nintendo ilikuwa na njia tano tu za sauti, na hata mlio wa Mario anaporuka ulipaswa kupenya humo humo. Kila sauti ilibidi ijue kwa nini ipo. Mpwa wangu ana njia themanini na hakuna inayomdai chochote. Nikimshauri kitu kimoja kwa akili yangu mwenyewe, bila kumwazima mzee, ni kwamba azime nusu ya ala zake kwa siku moja asikie kinachobaki.

Kuna kisa cha Kijapani ninachokipenda sana katika jambo hili. Koichi Sugiyama alikuwa tayari mtunzi mwenye jina katika televisheni alipoitumia kampuni ya Enix kadi ya maoni kuhusu mchezo wao wa shogi, ile sataranji ya Kijapani. Hakuwa akitafuta kazi. Aliucheza mchezo akaandika alichokiona. Pale ofisini walishangaa kwamba mtu kama yeye ameandika, na ameandika kama mtu aliyecheza kweli. Wakamtafuta. Kutoka hapo ukaja muziki wa gemu ya Dragon Quest, mwaka 1986, ambao miaka ya baadaye ulirekodiwa hata na okestra ya London Philharmonic. Kadi ile nadhani haikuwa na moyo mwekundu.

Sisi wenye lugha hii tuna deni la ziada. Wimbo wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011, umeimbwa kwa Kiswahili. Ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, Mmarekani, aliyeutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV iliyotoka mwaka 2005, na ukaimbwa kwanza na kikundi cha Talisman cha Chuo Kikuu cha Stanford. Tumeusifu sana, kwa fahari ya haki. Ila sijaona wengi wakimwambia mtunzi kile ambacho sikio la Mswahili hukisikia tangu mwanzo: ile sala ya Kikristo ya Baba Yetu, ambayo ndiyo maneno ya wimbo, imekatwakatwa ikafuata mapigo, neno la kumilikisha linarudiwa palipotakiwa pambo tu, na kitenzi kimeachwa kinaning'inia mbali na mahali kilipopaswa kushikana napo. Mimi si Mkristo lakini sala ile naijua, na pale hujikwaa. Hapo hapo mguu wangu unagonga sakafu, kwa sababu maneno yamefanywa ngoma na yanavuma kama ngoma. Ningemwandikia yote mawili, la kujikwaa na la mguu, kisha nimwulize kama alikusudia. Huenda angenijibu kwamba ndiyo, na ingekuwa haki yake.

Maana upo pia ugonjwa wa upande wa pili, wa mkosoaji anayetaka kila muziki uwe ule ambao angeutunga yeye. Nimekaa na watu wa kwaya wanaomwambia kijana "hii si okestra, hii ni kompyuta", wakadhani wamesema kitu. Okestra maarufu ya Kinshasa, ile ya waumini wa Kanisa la Wakimbanguisti iliyoanza mwaka 1994, ilianza na watu wa ridhaa wasio na ala za kutosha, na uzi wa fidla ulipokatika walitia waya wa breki ya baiskeli. Wangepita hao wa "hii si okestra" siku ya kwanza, pengine leo isingekuwepo. Fidla kushuka chini ya uzi wake ni kosa, halina mjadala. Lakini wingi wa matarumbeta ni ladha, na katika ladha mkosoaji aseme "mimi nasikia hivi" kisha anyamaze.

Na watunzi nao wana lao. Ukinitumia muziki bila neno, utapata moyo mwekundu. Niambie: Shangazi, nina wasiwasi na dakika ya kwanza na nusu, je, unasikia kama zimwi linakuja au limeshafika? Hapo nitazima jiko.

Toleo la pili limefika Alhamisi. Nilikaa nalo ukumbini, hedifoni masikioni, daftari mapajani, mwanzo mpaka mwisho na tena mpaka mwisho, maana sasa halina mwisho. Nikamwandikia: sekunde ya hamsini na nane, filimbi imepumua, na mimi nimepumua nayo. Mshono siusikii nisipoutafuta. Mbuzi yuko pale pale lakini sasa ana mwangwi, nadhani yumo pangoni. Dakika ya kwanza na sekunde kumi na mbili, matarumbeta yameifunika fidla, na fidla ndiyo iliyokuwa ikinisimulia kisa.

Akajibu kwamba hilo amelikusudia, kwa kuwa zimwi limetokea na fidla ni yule msichana anayekimbia, haipaswi kusikika.

Nimerudia kusikiliza mara tatu. Bado naitaka ile fidla. Nimemwambia, naye amesema atafikiria, akaniuliza kama mzee anaweza kumpokea tena Jumamosi baada ya alasiri, kwa sababu sasa ana swali kuhusu nai.