Waini Nyekundu na Samaki? Mlima Etna Umeshajibu

Wasee, hii sheria ya "nyekundu ni ya nyama, nyeupe ni ya samaki" tulipewa na nani? Watu wanaitumia kama sheria ya trafiki. Itisha samaki na glasi ya nyekundu uone vile rafiki mmoja kwa meza atakucheka, na ukimuuliza sababu hana. Alisikia tu mahali.

Mimi nasema hiyo sheria ni nusu ukweli, na ushahidi wangu ni waini inaitwa Etna Rosso. Kama hujafika miaka 18, chukua hii kama somo la jiografia na chakula. Chupa itangoja.

Etna ni volkeno hai iliyo mashariki mwa kisiwa cha Sicily, Italia. Imepita mita 3,300 na bado inatema moto. Mwaka wa 1928 lava yake ilimeza mji wa Mascali, na hapo Mascali ndipo zabibu kuu ya huo mlima ilipata jina lake: Nerello Mascalese. Mji ulijengwa upya mahali pengine na watu wakaendelea kulima. Sheria za Etna DOC, za tangu 1968, zinasema Etna Rosso lazima iwe na angalau asilimia 80 ya hiyo zabibu.

Sasa, mbona nasema iko tofauti? Mashamba mengi yako kati ya mita 400 na 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua la Sicily linachoma, usiku baridi ya mlima inashuka, na zabibu zinaiva polepole mpaka Oktoba. Hiyo baridi ndiyo inalinda uchachu. Unapata waini nyekundu yenye rangi nyepesi, harufu ya cheri na majani makavu, na uchachu unaokutoa mate. Wengine wanasema wananusa moshi wa volkeno. Sibishani na pua ya mtu, lakini mzabibu haunywi lava.

Shida ya nyekundu na samaki ni nini basi? Ni zile nyekundu nzito zenye tanini nyingi, ile kitu inakausha ulimi kama chai iliyochemka sana. Ikikutana na samaki inaweza kuacha ladha ya chuma, ni kama umenyonya shilingi. Etna Rosso changa huwa na mwili mwepesi, na ukiiweka kwa friji dakika 20 hivi kabla ya kumimina, inakaa poa na jodari wa kuchoma au samaki upanga aliyepikwa na nyanya na zeituni. Kumbuka huo mlima unaangalia bahari. Catania, mji ulio chini yake, una soko la samaki linalojulikana kote Italia.

Catania pia ndiyo nyumbani kwa pasta alla Norma: biringanya za kukaanga, mchuzi wa nyanya, majani ya basil na jibini ya ricotta iliyotiwa chumvi. Hakuna nyama hapo, na Etna Rosso inaingia vizuri kabisa. Nyanya ni chachu, waini ni chachu, hakuna anayemzidi mwenzake. Wenyeji wanainywa pia na soseji za nguruwe, sungura, na uyoga wa msituni.

Kwa hivyo uliza chakula ni kizito kiasi gani na mchuzi una nini. Rangi ije baadaye.

Hii si story ya wasomi wa waini. Nimeona binamu yangu akibadilisha oda kwa hoteli moja hapa Nairobi juu weita aliinua nyusi. Hakutaka nyeupe. Alikunywa juu ya aibu, na bili ililetwa kwake. Sheria kama hizi zinafanya watu waogope menyu, halafu wanalipia chupa ya bei kubwa ili wasionekane washamba. Hapo sasa unanunua ruhusa ya kukaa kwa meza.

Etna Rosso si bei ya mtaani, na sikutumi uitafute. Chukua akili yake tu. Tilapia wa wet fry yenye nyanya nyingi anaweza kukaa na nyekundu yoyote nyepesi na chachu. Biringanya pia. Lakini punguza pilipili, juu pombe inaongeza moto mdomoni. Glasi moja na chakula inatosha kujua kama umependa.

Na kama hunywi kabisa, kamulia samaki wako ndimu. Uchachu ni ule ule, kazi ni ile ile, na hakuna weita atainua nyusi.